Neno la Siri la Twiga

Kila Jumamosi Kidoti alifagia duka la Shangazi la kuchapa, akapanga karatasi, kisha akaanza kuosha flashi. Ndivyo walivyosema dukani: flashi ya mteja ilikaguliwa virusi kwanza kwenye kompyuta kuukuu ya stoo, ndipo iende kwenye kompyuta kubwa. Ile ya stoo ilijikongoja mno. Wateja wengine waliondoka wakisonya.

Kompyuta kubwa ilitaka neno la siri. Shangazi alikuwa na lake, na bintiye, Twiga, alikuwa na lake. Kidoti, aliyelingana na Twiga kwa umri, hakuwa nalo. "Mama na mwana wana siri zao. Mimi wa kufagia tu," alijisemea kwa wivu.

Siku moja Shangazi alikwenda kununua wino. Twiga naye akaenda msalani, akaiacha kompyuta kubwa wazi. Mara mwalimu mmoja akaingia mbio.

"Binti, nichapie barua hii. Gari linaniacha!"

Kidoti akaichomeka flashi ya mwalimu moja kwa moja kwenye kompyuta kubwa, bila kuiosha. Barua ikatoka papo hapo.

"Kumbe wewe ni hodari hivi!" mwalimu akasema. Kidoti akavimba kichwa.

Shangazi aliporudi, kijitabu cha mahafali ya chekechea walichokuwa wakikiandaa kwenye kompyuta kubwa kiligoma kufunguka. Kilitakiwa jioni ileile.

"Kuna flashi haikuoshwa," alisema. "Na kompyuta inaonyesha ni wewe, Twiga. Neno la siri ni lako."

"Niliiacha wazi, Mama. Kosa ni langu," Twiga akajibu.

"Basi usiiguse tena."

Kidoti alifurahi. Kweli alifurahi, kwa kitambo kidogo. Kisha akamwona Twiga akiuchukua ufagio na kuanza kufagia, na furaha ikamtoka yote.

"Shangazi, ni mimi. Nilimwonea Twiga wivu. Nilitaka na mimi nisifiwe."

Shangazi hakufoka. Alitoa nakala ya jana aliyoihifadhi kwenye kompyuta yake ya mkononi. Kurasa zilizoongezwa asubuhi ile wakaziandika upya humo, Twiga akisoma, Kidoti akichapa. Kijitabu kikawahi.

"Ulidhani neno la siri ni upendeleo?" Shangazi akauliza.

"Ndiyo, Shangazi."

"Ni mzigo, mwanangu. Likitumika, mwenyewe ndiye anayeulizwa. Leo Twiga ameulizwa kwa ajili yako. Lakini hata mimi nimekosa. Sheria yangu inafukuza wateja. Siku nyingine ukiona sheria inatukwamisha, niambie tuirekebishe. Usiivunje ili umpiku mwenzako."

Jumatatu fundi alisafisha kompyuta kubwa, akaiongezea kasi ile ya stoo. Shangazi akamwita Kidoti.

"Njoo uchague neno lako la siri."

"Baada ya yote niliyofanya?"

"Baada ya kusema ukweli." Shangazi akageukia ukutani. "Andika. Usimwambie mtu, hata mimi."