Wito wa Pili

Siku nzima Mihigo alizunguka maduka ya Mbarara, na kufikia jioni miguu ilikuwa imemwisha. Mwaka ule wa 2007 alitaka kompyuta ya nyumbani ya kuonyeshea filamu na kuchezea muziki, na zaidi ya yote iweze kurekodi televisheni. Mechi na kwaya zilionyeshwa mchana, watu wa mtaa wao wa Rubondo wakiwa shambani. Angezirekodi, awaonyeshe jioni katika kibanda chake cha video pale kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Angalau Mukarukundo, mkewe, apumzike na jembe. Tangu wakimbie Kivu ya Kusini, hakuwa na mtu mwingine duniani.

Edirisa, mwenye duka la mwisho, alimwonyesha mbili.

"Hii mpya ni sura tu, sebo. Diski kidogo. Hii ingine iko na kadi ya TV ndani. Inashika, inaweka, unaangalia ukipenda."

"Ilitumikaka?"

"Mtu wa kule Masha alirudisha. Lakini nguvu iko."

Mihigo aliinama kusikiliza feni yake. Ilivuma vizuri, ila ilinuka udongo mbichi. Laiti angeuliza swali moja tu zaidi! Lakini alikuwa hoi, maskini, akaichukua.

Kesho yake magharibi aliwasha jenereta, akaanza kurekodi taarifa ya habari. Mara picha ikawa nyeupe. Sauti ikakatika.

Kisha...

"Mukarukundo..."

Ilikuwa sauti ya bibi kizee, kwenye spika.

Mkewe alishika ukuta. "Ni mama," alinong'ona. "Mama mwenye tulizikaka Minembwe."

"Nyamaza. Usiitike!"

Kwao, giza likianza kuingia, hakuna anayeitika wito wa kwanza. Aliye hai ataita tena. Mfu huita mara moja tu. Wakangoja, wameshikana mikono.

Hakuna aliyeita. Msomaji wa habari akarudi na tai yake. Mukarukundo akashusha pumzi, hata akacheka kidogo, akatoka kwenda kusonga ugali.

Mihigo naye akataka kujua kama mashine imeishika ile sauti. Si ndiyo kazi aliyoinunulia? Akarudisha rekodi nyuma. Akabonyeza.

"Mukarukundo..."

Mara ya pili.

Na kutoka jikoni, kwa adabu ya mtoto aliyeitwa na mzazi, mkewe akaitika:

"Karame!"

Harufu ya udongo ikajaa chumba kizima.

Alimkuta ameketi kando ya moto, mwiko mkononi, macho wazi. Alikuwa anapumua. Alimwita, akamwita tena, akamtikisa. Mdomo haukufunguka.

Wachungaji waliomba hadi sauti zikawakauka. Hospitali haikuona ugonjwa. Mwishowe Mihigo akaibeba kompyuta, akairudisha Mbarara, na Edirisa alipoiona alirudi nyuma hatua moja.

"Yule wa Masha alikuja jana," alinong'ona. "Analia kama mtoto. Anataka nimrudishie. Anasema mke wake kwa nyumba haongei, anaongea humo ndani."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba imeuzwa."

Mihigo aliinyanyua tena ile mashine akaondoka nayo, mgongo ukimuuma, moyo ukimuuma zaidi.

Jioni alimketisha Mukarukundo karibu naye, akafungua rekodi. Mama mkwe aliita. Halafu, mahali palipokuwa kimya siku ile, mkewe akaitika kwa sauti safi kabisa, "Karame!" Yule aliyeketi kwenye kiti hakugeuza hata shingo. Mihigo akalia bila aibu.

Spika zikakoroma kidogo.

"Mihigo..."

Ilikuwa sauti ya Mukarukundo. Ya uchovu. Ya karibu sana.

Akaziba mdomo kwa viganja viwili, akangoja aite tena. Hakuita. Picha ikarudi, habari zikaendelea, jenereta ikanguruma nje. Alikuwa amemkumbuka mno mkewe, na alikuwa amechoka kupita kiasi.

Akashusha viganja, akarudisha nyuma.