Kisu Kilichoota Ndevu

Salaash alichoma nyama ya mbuzi Mombo, pale mabasi yanaposimama. Alizaliwa kwenye boma la ng'ombe upande wa Sindeni. Mambo ya nyama hakuna mtu aliyemfundisha. Yeye ndiye aliyewafundisha wengine, watake wasitake.

Mkewe, Naisula, alipika ugali na kukata kachumbari. Basi likisimama, Salaash alikata nyama juu ya gogo, haraka, bila kutazama vidole. Vidole vyote kumi alikuwa navyo bado.

Ilikuwa miaka ya tisini. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, na maduka yalijaa redio za kaseti. Redio zilizokufa nazo zilijaa. Siku moja Salaash aliokota spika ya redio kubwa. Nyuma yake kulikuwa na sumaku nene ya mviringo.

Zamani visu vyake vilikaa ndani ya ala ya ngozi, kama vya baba yake. Bwana afya alimkataza. Alisema ngozi inanyonya damu na kuoza. Basi Salaash aliipigilia sumaku ile kwenye nguzo ya kibanda, akabandika visu vyake vitatu.

"Mama Kisemei, njoo uone," alimwita mkewe. "Havigusi vumbi, wala kuku hawavifikii."

"Vimekaa vizuri," Naisula alisema.

Hata mimi ningesema hivyo. Vilikuwa vimekaa vizuri kweli.

Baada ya wiki mbili walaji walianza kulalamika. Mama mmoja wa Kwashemshi alitema mkononi akasema nyama ina mchanga. Naisula akaipepeta chumvi. Mchanga haukuisha. Akaenda dukani kumgombeza Tatu aliyemuuzia chumvi hiyo. Tatu alikasirika. Alilamba chumvi yake kijiko kizima mbele ya watu, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Mchanga haukuwamo.

Jumatatu lilikuja basi la kutoka Arusha. Dereva wake, Sadala, aliuma ubavu wa mbuzi. Meno yake yakalia, kra. Sadala alikuwa mtu mpole, na ndiyo maana maneno yake yaliuma.

"Mzee Salaash, abiria wananilaumu mimi," alisema. "Jumamosi nitasimama hapa mara moja tu. Nikiuma mchanga tena, nitahamia kibanda cha kule mbele."

Basi la Sadala ndilo lililoleta walaji wengi kuliko mengine yote. Likihama, kibanda kimekwisha. Salaash aliogopa sana, na hofu ikamfanya mkali. Alimkaripia mkewe, akawakaripia kuku, akaukaripia na moshi.

Ndani ya basi lile alikuwamo Beatrisi, fundi wa redio na televisheni, akirudi kwake Korogwe. Alikuwa amesimama karibu na gogo, sahani mkononi. Alimwona Salaash akinoa kisu kwa tupa, akakifuta kwa kitambaa, akarudi kwenye nyama.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Naomba nikione hicho kisu."

"Marahaba. Kiangalie, kina makali."

Beatrisi alikiinua juani. Kwenye ncha kulikuwa na unga mweusi, umesimama kama ndevu za siku tatu. Aliufuta kwa kidole. Unga ulisogea, lakini haukutoka.

"Huu si mchanga," alisema. "Ni unga wa chuma. Ukinoa kwa tupa, chuma husagika. Kisu cha kawaida ukikifuta, unga unatoka. Hiki kimegeuka sumaku. Kinaushika unga, halafu kinaupeleka kwenye nyama."

"Nani amekigeuza?"

Beatrisi alinyoosha kidole kwenye nguzo.

Naisula alichomoa pini kwenye nguo yake, akaisogeza karibu na kisu. Pini iliruka, ikanasa.

"Na mimi nimemgombeza Tatu wa watu," alisema kwa aibu.

Sadala alipiga honi. Beatrisi akapanda basi huku akisema, "Niletee visu vyote Korogwe kabla ya Jumamosi. Nitavitoa sumaku."

Korogwe si mbali. Lakini Salaash aliujua moto kuliko alivyomjua Beatrisi. Kesho yake alikitia kisu kidogo kwenye makaa mpaka kikawa chekundu, akakiacha kipoe. Pini haikunasa tena. Salaash akacheka. Akawatangazia majirani kwamba fundi wa televisheni hawezi kumfundisha mambo ya visu.

Mchana alianza kukata mbuzi. Makali yalilala kwenye mfupa wa kwanza. Akanoa, yakalala tena.

"Baba Kisemei," Naisula aliuliza kwa adabu, "vimebaki viwili. Hivyo navyo utavichoma?"

Salaash alivifunga vyote vitatu kwenye gazeti, akapanda basi la Korogwe.

Beatrisi alikitazama kisu kidogo, akatikisa kichwa. "Moto unaondoa sumaku, ni kweli. Lakini unaondoa na ugumu wa chuma. Hiki kimelegea, mzee. Hakitashika makali tena."

Alitoa pete kubwa ya waya, imefungwa vizuri kwa utepe. "Hii natumia kuondoa madoa ya rangi kwenye vioo vya televisheni," alisema. Alivua saa yake ya mkononi, akasogeza kaseti mbali, maana pete ile ingeziharibu.

"Ndani ya chuma kuna sehemu ndogo mno, macho hayazioni," alieleza. "Kila moja ni kama sumaku ndogo. Zikitazama ovyo, kila moja upande wake, chuma kimetulia. Sumaku yako imezipanga zitazame upande mmoja."

"Kama ng'ombe walionusa maji," Salaash alisema.

"Hasa. Sasa umeme wa ukutani hugeuza mwelekeo wake mara nyingi kwa sekunde moja. Pete hii itazivuta huku na huku mpaka zivurugike."

Aliwasha. Pete ikanguruma. Akaipitisha juu ya kisu, kisha akarudi nyuma nayo polepole. Alipofika mlangoni ndipo akazima.

"Mbona umekwenda mlangoni?"

"Nikizima nikiwa karibu, zinaweza kubaki zimepangwa tena. Lazima nguvu ipungue kidogo kidogo. Na usijaribu kutengeneza pete hii nyumbani, mzee. Umeme wa ukutani unaua. Peleka kwa fundi."

Kisu cha pili Salaash alikifanya mwenyewe, Beatrisi akimsimamia. Walijaribu kwa pini. Pini ilianguka mezani, ikalala.

"Vitundike kwenye mbao," Beatrisi alisema. "Noa mbali na nyama. Ukimaliza kunoa, osha kwa maji na sabuni. Kitambaa hakitoshi."

Salaash alifanya yote. Alichonga ubao wenye nafasi za visu. Sumaku aliibandua, na Naisula akaipeleka nyumbani iwe ya kuokotea sindano. Lakini kwanza Naisula alikwenda kwa Tatu kuomba radhi, akanunua chumvi ya mwezi mzima.

Jumamosi basi la Arusha likafika. Salaash alikata nyama kwenye sahani nyeupe, akaipeleka mwenyewe dirishani kwa dereva. Sadala alitafuna upande mmoja wa kinywa, polepole, kama mtu mwenye jino bovu. Naisula alisimama na mwiko mkononi, ugali ukaanza kuungua. Abiria nao walimtazama dereva wao anavyotafuna.

Sadala akameza. Akachukua kipande cha pili, akakitafuna kwa meno yote. Kisha akazima injini.

"Shukeni mle," aliwaambia abiria. "Dakika ishirini."

Alitazama sahani yake, akafikiri kidogo.

"Tuseme nusu saa."