Donge Dogo Kwenye Gilasi

Mama Mikate, kama majirani walivyomwita, alikuwa na kidole kisichotulia. Kila alfajiri alikanda unga wenye hamira, akaufunika kwenye beseni. Basi atulie? Thubutu! Mara afunue, mara abonyeze.

"Mama watoto, uache uumuke!" mumewe alisema.

"Nisipoubonyeza nitajuaje kama umeumuka?"

Hewa ilitoka, mikate ikawa bapa. Mwenye duka aliyeinunua kila siku akachoka. "Kesho ikiwa hivi tena, natafuta mwokaji mwingine."

Duka lile ndilo lililowalisha. Mama Mikate alirudi nyumbani ameishiwa nguvu.

Jioni jirani yake, mtafiti wa maabara, alikuja kununua mkate. Akautazama.

"Dada, huu umeukalia?"

"Wewe cheka tu. Nikiupima, nauharibu."

"Kumbe shida yetu ni moja! Kazini tunapima chembe ndogo mno, hazionekani kwa macho. Tunataka kujua hali ya chembe. Tukiimulika yenyewe, mwanga unaisukuma. Hali inavurugika, pengine chembe inapotea kabisa."

"Sasa mnafanyaje?"

"Tunaiwekea chembe nyingine karibu. Tunaziunganisha, hali ya ile ya kwanza ibadilishe mwendo wa mwenzake. Kisha tunammulika mwenzake tu. Yeye ndiye anayetupa jibu."

"Na ile ya kwanza haiguswi hata kidogo?"

"Hapana, kwa chembe kila kipimo kinaacha alama. Lakini haipotei. Tukiipima tena, inatupa jibu lilelile."

Mama Mikate aliikazia macho gilasi iliyokuwa mezani.

"Je, nikimega donge dogo la unga uleule, nikaliweka kwenye gilasi kando ya beseni?"

"Hapo sasa! Unga si chembe, na madonge hayo hayajaunganishwa. Ila hamira ni ileile, joto ni lilelile. Donge dogo likiwa maradufu, la beseni nalo tayari."

Alfajiri alitia donge dogo kwenye gilasi, akaifunga uzi pale lilipofika. Kidole kilimwasha kwelikweli.

"Leo umekikalia kidole?" mumewe alimtania.

"Niache, mwenzio nina hofu!"

Donge lilipanda juu ya uzi hadi likawa maradufu. Akaoka yote, hata lile dogo. Mikate ikatoka imefura vizuri, naye akashusha pumzi.

Dukani, mwenye duka alinyoosha kidole aubonyeze mkate. Mama Mikate akamdaka mkono.

"Bonyeza huu mdogo."

Akaubonyeza. Ukarudi juu polepole. Akaichukua mikate mingine yote bila kuigusa kwa kidole.