Mjaribu Namba Tisa na Benchi Lililoondolewa

Kwa heshima na taadhima, ndugu msomaji, unaombwa usimame kwa dakika moja ya ukimya, maana jambo zito limetokea: benchi limeondolewa.

Haya, kaa. Lilikuwa benchi la kuchorwa tu, ndani ya gemu ya simu, na aliyeling'oa ni mwenye gemu mwenyewe, dada mmoja aliyeishi na mdogo wake katika chumba kilicho juu ya karakana ya kukata vioo. Asubuhi hiyo alikuwa mezani akisoma maoni ya wajaribu wake kumi na wawili. Fomu ya tisa ikamfanya aweke kikombe chini.

"Umeondoa benchi. Naomba lirudi."

— Huyu hamnazo, dada alisema. Nimempa mapanga, majitu saba na daraja linaloungua, yeye anataka pa kukaa.

— Labda miguu inamuuma, mdogo wake alijibu.

Mdogo huyo, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, alikuwa binti mwenye adabu, akili nyingi na sura ya kupendeza. Ndiye aliyetafuta wajaribu na kuwapa namba badala ya majina, ili kila mtu aseme ukweli bila kumwonea haya mwenye gemu. Orodha ya majina aliificha yeye.

Dada alikuwa na sababu ya kulichukia lile benchi. Gemu yake hurekodi kila mjaribu amesimama wapi na kwa muda gani. Namba Tisa alikuwa akifika hapo, kabla tu ya daraja, anamketisha shujaa, kisha kimya. Dakika arobaini. Kesho yake tena, na keshokutwa. Dada akaamini gemu inaganda. Akatafuta hitilafu siku tatu bila kuiona, mwisho akaondoa benchi, yakaisha.

Sasa akateremsha macho hadi kwenye lile swali ambalo kila fomu huwa nalo: "Ulikwama wapi, na kwa nini?"

Namba Tisa alikuwa amejibu: "Sikukwama. Nilikuwa nasikiliza."

Shujaa akiketi kwenye benchi, huimba kwa kuguna, wimbo usio na maneno. Sauti ile ilikuwa ya dada mwenyewe. Aliirekodi akiwa amejifunika blanketi gubigubi ili kelele za mashine za vioo zisiingie. Na wimbo huo alizoea kuuguna akiosha vyombo, enzi za Mpimaji.

Mpimaji alikuwa mpima barabara, mpole kupita kiasi. Dada alipoanza gemu alimwonyesha kila hatua, na kila mara alisema, "Nzuri." Jitu linapita ukutani, nzuri. Panga linakata nyuma, nzuri. Siku moja dada uzalendo ukamshinda, akamwambia neno ambalo amelijutia miaka miwili:

— Wewe hata ukipewa kiatu utafune utasema kitamu. Nitakuamini vipi ukiniambia unanipenda?

Mpimaji akachukua kofia yake. Wiki iliyofuata alihamishiwa kazi ya mbali. Hakupiga simu, na dada hakujua aanzie wapi.

— Nani huyu Namba Tisa? dada aliuliza polepole.

— Nimeapa kutunza siri, mdogo wake alisema, mkono kifuani kama shahidi mahakamani.

Dada hakumbana. Kama si yeye, afadhali asijue. Alirudisha benchi siku hiyo hiyo, kisha akaandika ujumbe kupitia fomu.

"Jumamosi saa nne asubuhi njoo ujaribu toleo jipya mbele ya mwenye gemu."

Jibu lilikuja baada ya saa nzima. "Anajua mimi ni nani?"

Dada aliandika, akafuta, akaandika.

"Hajui. Anatumaini."

"Nitakuja."

Jumamosi mlango uligongwa. Alikuwa Mpimaji, viatu vina vumbi jekundu, kofia mkononi. Dada alifungua mdomo, halafu akakumbuka sheria aliyoitunga mwenyewe na kuibandika ukutani: wakati wa majaribio mwenye gemu haongei, haelekezi, hakohoi. Akamwonyesha kiti.

Mpimaji akacheza. Dada alisimama nyuma yake, akiitazama ile shingo iliyochomwa na jua. Majitu yakaanguka. Shujaa akafika kwenye benchi, akaketi, wimbo ukaanza. Mpimaji akaweka simu mezani, hakuigusa tena. Wimbo ukazunguka mara ya pili, ya tatu, ya tisa.

Kisha akavuta fomu, akaandika kwa kalamu, akaipitisha juu ya bega bila kugeuka.

"Kitufe cha kuruka kiko mbali na kidole. Jitu la tatu ni jepesi. Daraja linachosha. Nilikwama kwenye benchi, kwa sababu ni mahali pekee ninapoweza kukusikia."

Dada akavunja sheria.

— Daraja linachosha?

— Sana.

— Na jitu la tatu?

— Mama yangu angelipiga kwa ufagio.

Dada akacheka, machozi yanamtoka.

— Na mimi je?

— Una hasira za karibu na ukali wa bure. Ukiwa kazini husikii hata ukiitwa kula, alisema Mpimaji akigeuka. Na ninakupenda.

Safari hii aliamini.

Baadaye, wakiwa wameshikana mikono kama watu wanaovuka barabara, dada alimtazama mdogo wake.

— Watu wote hawa duniani, ulimpataje huyu?

Mdogo wake akatazama dari. Dari haikumsaidia.

Basi nakiri, msomaji. Yule binti mwenye adabu, akili na sura ya kupendeza ni mimi. Namba ya Mpimaji niliinyakua kwenye simu ya dada. Namba Tatu na Namba Saba pia ni mimi, ndiyo maana walisifu sana gemu. Nimeamriwa kujaza upya fomu zao, kwa ukweli.

Ukweli ni huu: tangu Mpimaji alipoondoka, kila nikirudi likizo, vyombo vilioshwa kimya.