Ua la Mwenyewe

Mwenye moyo wa kuku na atoke sasa hivi akaanike nguo, asije akanikatiza katikati. Kisa hiki wengine hukisimulia kwa kubabaisha. Mimi ninacho chote, pamoja na mikunjo yake.

Kilianzia kwenye ungo.

Palikuwa na mama mmoja mchuma maua ya mwituni, si ya kupamba meza, ya kula. Walimwita Macho Sita, maana kwenye maua yanayofanana kama mapacha yeye alijua lipi chakula na lipi kaburi. Alivunja bua: likitoa utomvu mweupe, anatupa. Lisipotoa, anasugua petali mkononi, anangoja, kisha mdomoni, anangoja tena. Na popote alipochuma, ua la kwanza kuliona hakuligusa. Hilo lilikuwa la mwenyewe. Mwenyewe nani? Wachumaji hawaulizi.

Alikuwa na binti mmoja tu, ambaye naye alikuwa akijifunza kazi. Msichana yule alikuwa na mdomo wa cherehani: hata usingizini anashona.

Asubuhi moja walirudi na ungo uliojaa maua ya njano. Ua lililochumwa, ikifika saa sita, hulegea kama sikio la mbuzi. Haya yalisimama wima, tena yote yametazama dirishani.

"Mama, maua haya yana kiburi," binti alisema.

"Kiburi kitaishia kwenye mafuta. Lete chumvi."

Wakayaloweka kwenye maji ya chumvi ili sisimizi watoke. Hakutoka hata mmoja. Wakang'oa nyuzi chungu za katikati, wakachovya kwenye unga, wakakaanga. Mama akaonja moja kwanza, kama ilivyo desturi yao, akangoja. Tumbo kimya. Binti akamaliza sahani nzima huku akisema.

Kesho yake cherehani ikasimama.

Mama alimkuta amelala, macho yamefumba, uso umeelekea dirisha la mashariki. Akadhani uchovu. Aliporudi saa sita, uso ulikuwa umeelekea juu, kwenye mabati. Chumba kilinuka asali, utamu wa kukaba koo. Mama akaketi, akamwita kwa majina yote ya utotoni, na kadiri jua lilivyoshuka upande wa pili wa nyumba ndivyo shingo ya mwanawe ilivyogeuka, polepole, ikilia kama kamba inayosokotwa, bila jicho kufumbuka wala bega kusogea, hadi nyuki wakaanza kuingia dirishani mmoja mmoja, wakatua kwenye midomo ile, wakaingia ndani, wakatoka na miguu iliyojaa unga wa njano.

Akakimbilia kwa kinyozi. Msicheke. Kinyozi wa mtaa ule asubuhi alinyoa vichwa, alasiri aliwatoa waliomo vichwani. Alikuja na shuka lake la kunyolea, akamfunika binti hadi kidevuni.

"Wewe ni nani?" alinong'ona.

Midomo ya binti haikucheza. Sauti ilitoka kwenye mvumo wa nyuki. "Nilibakishiwa mawili. Sikukuta hata moja."

Kinyozi akamgeukia mama. "Dada, hukuacha la mwenyewe?"

"Niliacha! Kwenye jiwe, nilipoanzia."

"Na mwanao?"

"Yeye alianzia kwenye kichuguu. Akaacha lake. Tukapishana katikati, yeye akamalizia kwenye jiwe, mimi nikamalizia..." Mama akashika mdomo. "Palikuwa na moja limesimama peke yake. Nikasema, mtoto huyu mzembe, amelisahau. Nikalichuma."

"Naye akalichuma lako."

Mama akauchukua ungo. Chini ya ukingo lilikuwa limenasa ua moja, bado wima.

"Lipo moja tu," kinyozi alisema kwa sauti ndogo. "Linarudi kwa jina la nani?"

"La mwanangu."

"Na wewe, dada?"

"Kinyozi, hukuitwa kunyoa maneno. La mwanangu."

Akalibeba mkononi hadi mwituni, akalichomeka kwenye kichuguu, akamtaja mwanawe mara tatu. Nyasi zote zikalala chini, na hapakuwa na upepo. Aliporudi, kabla hajafika mlangoni alisikia:

"Nani kanifunika shuka la kinyozi? Linanuka vichwa vya watu!"

Mama akacheka hadi akakaa chini.

Kwa siku sita alizunguka mwituni akitafuta ua la namna ile aliweke kwenye jiwe. Hakupata hata chipukizi. Hakumwambia mtu.

Siku ya saba, asubuhi, binti alikuwa akichambua mboga na mdomo unashona: jirani amefanya hivi, kinyozi amesema vile. Mama alikuwa kwenye kigoda, amesinzia, uso mlangoni.

"Basi mimi nikamwambia... Mama, unanisikia?"

Binti akainua macho. Alipoanza hadithi yake mwanga wa jua ulikuwa umeufikia mguu wa meza; sasa jua lilikuwa limepanda, mwanga umerudi kizingitini. Uso wa mama nao ulikuwa umeinuka kidogo, macho yamefumba. Chumba kikaanza kunuka asali.

Nyuki wa kwanza akaingia dirishani, akampita binti, akaupita ungo mtupu.