Kiti cha Mama Mkwe

Mwaka ule wa uhuru, kila mtu hapa Uvira alikuwa akiongea habari za viti. Wabelgiji wengi walikuwa wameondoka, na viti vyao katika biro, yaani ofisi za serikali, vilibaki vitupu. Kwa hiyo Thaddée aliposema sokoni, "Minye natafuta kiti," watu wa mtaa wake wa Nyamianda walielewa walivyopenda. Kesho yake jirani mmoja, Cyprien, alimletea jogoo, akamwomba asimsahau akishakaa.

Maskini, Thaddée alitaka kiti cha gari tu. Alikuwa na kigari kidogo cha kupeleka abiria Luvungi. Kiti cha pembeni ya dereva kilikuwa kimekatika chini kwa kutu. Vijana walikalia sanduku, wakacheka, wakafika. Lakini Jumapili mtoto wake Claire angebatizwa, na mama mkwe wake, Pélagie, alipaswa kuletwa kutoka Kiringye. Goti la Pélagie halikunjiki, kwa hiyo hakuweza kukaa nyuma.

"Mama akimwangukia mukwe wake," alisema Émérance, mke wa Thaddée, "hatakanyaga tena hapa kwetu. Na minye sitamulaumu."

Aliogopa kweli. Kwao mkwe hata hamgusi mama mkwe wake.

Thaddée alipata kiti kule sokoni: chekundu, cha ngozi, kipana, kilichotoka katika gari kubwa. Alikipenda papo hapo. Hakukigeuza kuona chini yake. Alipofika nyumbani, matundu ya miguu ya kiti yalikataa kukutana na matundu ya sakafu ya gari. Thaddée hakuhangaika, maana yeye ni mtoto wa wavuvi. Alichukua kamba ya mtumbwi, akakifunga kwa fundo la baba yake.

Félicien, jirani aliyefanya kazi garaje huko Kalundu, alikuja kutazama.

"Baba Claire, kiti iko muzuri," alisema. "Sasa ukae weye, minye nitaendesha."

Hawakufika mbali. Mbuzi alikatiza njia, Félicien akakanyaga breki. Kiti kiliteleza mbele, na magoti ya Thaddée yakagonga chuma. Gari lilipoondoka tena, kiti kilipinduka nyuma na miguu yake ikaelekea darini. Watoto wa mtaa walipiga makofi.

"Hapo ingekuwa Mama Pélagie," alisema Félicien pole pole, "leo tungesema nini?"

Thaddée alisikia aibu mpaka masikioni. "Lakini hii kamba inashikaka mutumbwi, hata na upepo."

"Mutumbwi inachezacheza, na kamba inaifuata. Ndiyo uzuri wake. Kiti haipashwe kufuata kitu. Inashikwa na chuma."

Kesho yake Félicien aling'oa kile kiti kibovu, wakaenda nacho sokoni pamoja na chekundu. "Usichague kiti kwa macho," alisema. "Leta ya zamani, ichague ndugu yake."

Muuzaji alikipokea tena kiti chekundu bila ubishi. Karani mmoja mpya alikuwa anakitaka kwa biro yake.

Wakaanza kupindua viti, miguu juu. Kimoja kilikuwa kimepakwa rangi mpya chini. Félicien alikwaruza kwa ukucha, na ufa ukaonekana. "Rangi mupya chini ya kiti ya zamani, uliza inaficha nini." Kingine kilibomoka kutu mkononi. Mwishowe walipata cha kijivu, kibaya, kitambaa kimechanika. Kilitoka katika gari la aina ileile. Waliweka viti viwili pamoja, na matundu yakalingana. Félicien alikisukuma mbele na nyuma juu ya reli zake. Kifungo cha kukizuia kililia ta, kiti kikasimama.

"Imechanika," alisema Thaddée kwa huzuni.

"Kitambaa, Mama Claire atashona. Chuma nani atashona?"

Walikifunga kwa buloni mpya, yaani bolti za chuma, kila tundu na yake. Halafu Félicien alikitikisa kwa mikono miwili mpaka gari zima likatikisika. Kiti chenyewe hakikusogea.

Jumamosi Pélagie alipanda gari kule Kiringye. Aliweka kikapu cha mayai kati yake na mkwe wake, kiwe mpaka. Bondeni, kundi la ng'ombe liliingia barabarani ghafla. Thaddée alikanyaga breki, roho mkononi. Kiti kilitulia. Pélagie alishika mlango, akatazama mayai, yote yalikuwa mazima.

"Hii kiti imekaa," alisema. Thaddée alifurahi kuliko mtu aliyepewa cheo.

Siku ya ubatizo walimla yule jogoo, na Cyprien mwenyewe alialikwa. Alinong'ona, "Baba Claire, kiti ulipata?"

"Nilipata."

"Iko mu biro gani?"

Pélagie alisikia. "Iko mu gari, mwanangu. Ile iko na buloni. Za mu biro, sijui kama kuko muntu alizifunga."

Nyumba nzima ilicheka. Cyprien alicheka mwisho, maana alikuwa bado anatafuna paja la jogoo wake.