Tiyo Zinazovuja kwa Muzee Gauthier

Kwa Muzee Gauthier, pembeni mwa mtaa wa Saio, mashini ya kupuliza dawa ikilia hakuna anayekaa kitako. Mama Léonie, mke wake, anaruka. Anatoa nguo kwenye kamba. Anafunika sufuria ya sombe. Anafukuza kuku waingie ndani. Kuku wanakataa, anawatukana, wanaingia. Kisha anakimbilia dirisha kulifunga, maana ndani amelala mjukuu wake Rebecca, ambaye hajaota hata jino moja.

Gauthier peke yake anatulia kama mkubwa wa kiwanda. Nyuma ya nyumba ana shamba la marakuja, yale matunda ya pasheni. Mimea imetambaa juu ya nyaya, mistari mirefu mpaka bondeni. Juu ya kila mstari inapita tiyo, bomba la plastiki, na kwenye tiyo kuna vichwa vidogo vyenye tundu. Mashini inasukuma dawa ya wadudu kutoka kwenye tanki, na vichwa vinaitema juu ya majani kama ukungu. Gauthier habebi pompe mgongoni. Anafungua robine, koki ya tanki, anakunja mikono.

"Siye tuko Ulaya hapa," anapenda kusema.

"Ulaya gani inanuka hivi?" anajibu Léonie.

Harufu hiyo ndiyo ilileta shida. Kila dawa ilipopulizwa, Rebecca alikohoa mpaka macho yakajaa machozi. Mama yake, Adeline, binti wa Léonie, alimpeleka kituo cha afya. Muuguzi alimtibu, kisha akauliza:

"Kwenu munapuliza dawa? Basi huyu mutoto anaivuta. Mutafute fasi, pahali gani inatokea."

Adeline alirudi na uso mgumu.

"Mama, mashini ikilia tena na mutoto akikohoa, miye naenda Mahagi kwa mama mukwe. Kule hakuna tiyo."

Tangu siku ile Léonie alikosa raha. Alipika, akasahau chumvi. Alienda sokoni, akageuka katikati ya njia kurudi kutazama kama mtoto bado yuko.

"Gauthier, simamisha ile kintu," alimwambia mume wake.

"Nikiisimamisha, wadudu watakula marakuja. Na siye tutakula nini? Tena wadudu wa bondeni wamekuwa na kichwa ngumu! Nimeongeza dawa kwenye tanki, bado wananicheka."

Hapa lazima tuseme ukweli juu ya Gauthier. Watu wengine wanaamini fundi. Yeye anaamini mpira wa ndani wa kinga, baiskeli yake ya zamani, alioukata vipande virefu. Kiti kikivunjika, anakifunga na mpira. Redio ikipasuka, mpira. Mlango, mpira. Léonie anasema hata ndoa yao ikipasuka, ataizungushia mpira na kuendelea. Na tiyo zilipoanza kuvuja kwenye viungo? Hata hatuhitaji kusema.

Léonie hakungoja zaidi. Alipanda pikipiki akaenda kumwita Nadège, agronome anayefundisha wakulima wa matunda. Nadège alikuja na buti, glavu na ndoo, akasema anataka kuangalia mashini.

"Kuangalia nini?" Gauthier aliuliza. "Mashini yangu inatembea."

"Papa Gauthier, hata mulevi anatembea," Nadège alisema. "Tuangalie inatembea namna gani."

Kwanza alimwambia Gauthier avae glavu na buti. Walisafisha tanki. Maji ya kusafishia hawakuyamwaga mtaroni wala karibu na kisima. Gauthier aliyabeba mpaka bondeni, akayanyunyiza juu ya marakuja. Kisha wakajaza tanki maji safi.

"Hatutafute kuvuja na dawa ndani," Nadège alieleza. "Tunatafuta na maji. Maji ikivuja, inakulowanisha tu. Dawa ikivuja, inakugonjesha."

Aliwasha mashini. Wakafuata tiyo polepole, kiungo kwa kiungo. Walipofika ukutani pa nyumba, pale tiyo inapopita kutoka kwenye tanki, Nadège alisimama. Matone yalitoka chini ya mpira, moja baada ya lingine.

"Ile ni jasho tu," Gauthier alisema.

"Jasho ya nani, Papa? Tiyo haina kwapa."

Walizima mashini, Nadège akafungua mpira. Ulikuwa umevimba na kulainika, unanata kwenye glavu.

"Dawa inakula mupira. Kwa macho weye unaona imefungwa. Chini yake inavuja kila siku. Sasa angalia juu."

Gauthier akaangalia. Kiungo kile kilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye dirisha la chumba cha Rebecca.

Léonie alishika kiuno, akaachia, akashika tena.

Nadège aliomba mikebe mitupu ya tomate, yote ya ukubwa mmoja. Akaitundika chini ya vichwa vya tiyo, mmoja karibu na nyumba, mingine katikati, wa mwisho bondeni. Aliwasha mashini, akangoja, akazima.

"Sasa tusome."

Mkebe wa karibu na nyumba ulijaa mpaka ukamwagika. Ya katikati ilifika nusu. Wa bondeni ulilowa chini tu.

"Mikebe ingepaswa kuwa sawasawa," Nadège alisema. Akafungua kichwa cha karibu na nyumba. Tundu lake lilikuwa pana, limechanika. "Nani alichokonoa hii?"

"Iliziba," Gauthier alisema kwa sauti ndogo. "Niliifungua na musumari."

"Halafu?"

"Halafu nikapuliza na kinywa."

"Na kinywa!" Léonie alilipuka. "Kile kinywa unanisalimia nacho asubuhi?"

"Kichwa kikiziba, kioshe na maji na burushi laini," Nadège alisema. "Kisipofunguka, weka kipya. Musumari inapanua tundu. Maji inakimbilia tundu kubwa, kule mwisho nguvu inaisha. Wadudu wa bondeni hawana kichwa ngumu, Papa. Hawajapata dawa. Weye unaongeza dawa kwenye tanki, nayo inamwagika hapa, mbele ya chumba ya mutoto."

Gauthier alivua glavu, akakaa juu ya ndoo.

"Donc, kumbe dawa niliwanyima wadudu, nikamupa mujukuu."

Hakuna aliyecheka, hata Léonie.

Kesho yake kazi ilianza. Waliondoa tiyo ukutani, wakaipitisha upande wa pili wa shamba, mbali na nyumba. Viungo vilifungwa na kola za chuma zinazokazwa kwa skurubu, siyo mpira. Waliosha chujio la tanki, lililojaa matope kama supu. Walibadilisha vichwa vyote vilivyochokonolewa, na vile vya mstari wa karibu na nyumba wakaviziba kabisa. Kisha mikebe tena, maji tena. Safari hii mikebe ililingana.

"Kila mara kabla ya kupuliza, mupitishe maji kwanza," Nadège alisema. "Muangalie kila kiungo. Upepo ukiwa mukali, muache. Dawa mupime kama karatasi ya chupa inasema, siyo kama hasira inasema. Na batu wote batoke, barudi saa karatasi inaruhusu."

Siku ya kupuliza ilifika. Adeline alimfunga Rebecca mgongoni akaenda kwa jirani, mbali upande wa barabara. Hakuahidi kurudi. Léonie alienda naye, lakini kila mara alisimama kunusa hewa kama mbwa wa polisi.

Muda ulioandikwa kwenye chupa ulipopita, walirudi. Adeline alimlaza mtoto. Léonie aliinama juu yake, sikio karibu na mdomo. Rebecca alipiga chafya. Wote waliganda.

Chafya moja. Basi. Mtoto akalala.

"Mama, inuka," Adeline alinong'ona. "Weye ndiyo unamumalizia hewa."

Majani ya bondeni yalitoka mapya, na dawa iliyotiwa kwenye tanki ilikuwa kidogo kuliko zamani. Gauthier hakujisifu sana. Alijisifu kidogo tu, kwa kila mtu aliyepita.

Mwisho wa mwezi simu ilitoka Mahagi. Mama mkwe aliuliza: mjukuu wangu anakuja lini?

"Hatukuje, Mama," Adeline alijibu. "Hapa hewa iko muzuri sasa. Kuja weye. Ukae naye mpaka uchoke."

Léonie alisikia, sufuria mkononi. Alifurahi, akacheka peke yake. Halafu akaweka sufuria chini haraka, akaanza tena kuzunguka nyumba.

"Gauthier! Bibi wawili, mutoto mumoja! Nani atamubeba?"